Tui Tumelipata, Machicha Yatakwenda Wapi?

Hakuna mtu aliyelelewa katika nyumba ya visiwa hivi asiyekijua kifumbu. Nazi ikishakunwa hutiwa maji ya uvuguvugu, ikawekwa ndani ya kifumbu na kukamuliwa. Tui likashuka bakulini, machicha yakabaki. Kazi hiyo hufanywa kila siku na mama zetu na dada zetu bila ya kuandikiwa kitabu, lakini ndani yake imo elimu nzima ya kuchuja. Kwanza, kifumbu huchagua kwa ukubwa wa tundu zake: kilicho kidogo hupita na kilicho kikubwa huzuiliwa. Pili, kifumbu huziba, na kisipooshwa vizuri huchacha na kuliharibu tui la kesho. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa na wengi, kifumbu hakiyali machicha. Kila palipo na tui pana machicha, na hapana budi awepo mtu wa kuyaondoa.

Tumeanza na kifumbu kwa sababu katika mazungumzo yahusuyo usafi wa miji na fukwe zetu husikika mara kwa mara sifa za chujio la namna mpya, ambalo wataalamu wanaliita utando wa nyuzi nano. Wapo wanaolisifu kana kwamba likifika bandarini leo, kesho bahari yetu itakuwa safi. Wapo pia wanaolibeza kuwa ni mchezo wa matajiri. Makala hii haikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Shabaha yake ni kumweleza mwananchi wa kawaida, na kumweleza mtumishi wa Serikali anayetia saini mikataba, chujio hilo ni kitu gani, linaweza nini, haliwezi nini, na nini kitangulie kabla yake.

UZI USIOONEKANA

Chukua mita moja ya uzi, uikate vipande milioni elfu moja vilivyo sawa. Kipande kimoja ndiyo nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Uzi wa nano una unene wa nanomita mia moja, mia mbili au mia tano. Kwa hiyo uzi wa nanomita 200 ni mwembamba mara 400 kuliko unywele. Macho hayauoni. Kinachoonekana ni nyuzi nyingi zilizolaliana, nyeupe na laini kama utando wa buibui uliokusanyika katika pembe ya dari.

Ili msomaji apate kukisia wembamba huo, na tupige hesabu. Gramu moja tu ya nailoni, ikivutwa hadi ikawa uzi wa nanomita 100, itatoa uzi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100,000, yaani wa kutosha kuizunguka dunia mara mbili na nusu. Eneo la nje la uzi huo litazidi mita 30 za mraba, ukubwa wa chumba cha darasa dogo. Siri ya kazi yake imo humo: kitu kidogo mno kwa uzito, lakini kikubwa mno kwa eneo la kukamatia uchafu.

Uzi huu haufumwi kwa mtande na mshindo. Huzaliwa kwa nguvu ya umeme. Plastiki ya namna maalumu huyeyushwa katika dawa hadi ikawa nzito kama asali, ikatiwa katika bomba lenye ncha ya sindano. Hapo hupelekwa umeme wa volti 10,000 hadi 30,000. Tone lililoning'inia kwenye ncha ya sindano huvutwa na umeme mpaka likachongoka, na kutoka katika ncha ya tone huchomoka mchirizi mwembamba unaoruka kuelekea kwenye bamba la chuma. Ukiwa njiani mchirizi hujipinda na kurefuka, dawa ya kuyeyushia ikakauka, na uzi ukatua juu ya bamba. Baada ya muda bamba hufunikwa na tandiko lililo jembamba kuliko karatasi.

Jambo hili si jipya kama wauzaji wanavyolitangaza. Hati za uvumbuzi wake zilikwisha kutolewa Marekani mwaka 1902. Katika miaka ya 1930 Anton Formhals wa Ujerumani aliandikisha njia zake za kutengeneza nyuzi hizo, na katika miaka hiyo hiyo wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti walizitumia katika machujio ya hewa. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Uingereza, Geoffrey Taylor, alieleza kwa hesabu kwa nini tone huchongoka linapovutwa na umeme. Baadaye, katika mji wa Liberec nchini Czech, walipata njia ya kuzitengeneza kwa wingi kiwandani bila ya kutumia sindano. Kwa kuchuja hewa, nyuzi hizi zimekwisha kutumika kwa miaka mingi. Kwa kuchuja maji machafu, sehemu kubwa ya kazi bado imo katika maabara na vituo vya majaribio. Hilo si aibu kwa sayansi, bali ni jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua.

LINALOWEZA NA LISILOWEZA

Sifa ya kwanza ya chujio hili ni uwazi wake. Zaidi ya sehemu 80 kwa mia za tandiko la nyuzi nano ni nafasi tupu. Kwa hiyo maji hupita kwa urahisi, na pampu haihitaji nguvu nyingi ya kuyasukuma. Kwa visiwa ambavyo kila uniti ya umeme ina bei yake, hii si sifa ya kudharauliwa.

Sifa ya pili ni udogo wa mapito yake. Kijidudu cha kipindupindu kina unene wa nanomita 500 hivi, na urefu wa nanomita 1,500 hadi 2,500. Mayai ya minyoo ya tumbo ni makubwa zaidi, nanomita 40,000 na kuendelea. Utando uliotengenezwa vyema unaweza kuvizuia vyote viwili, pamoja na tope na mafuta yanayoelea. Sifa ya tatu ni kwamba uzi wenyewe unaweza kupakwa au kuchanganywa na dawa ya kunasa madini yenye sumu, kama vile risasi, au rangi zinazotoka katika viwanda vya nguo.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Nafasi iliyopo kati ya uzi na uzi huwa kubwa mara kadhaa kuliko unene wa uzi wenyewe. Virusi vya polio vina kipenyo cha nanomita 30 hivi. Mbele ya utando wa kawaida wa nyuzi nano ni sawa na dagaa mbele ya wavu wa papa. Ili virusi vizuiliwe, utando lazima uongezewe ngozi nyingine nyembamba juu yake au upakwe dawa ya kuvinasa, na hapo ule wepesi wa kupitisha maji hupungua.

Zaidi ya hayo, kilichoyeyuka ndani ya maji hakizuiliwi na tundu. Tia chumvi katika tui, ulichuje mara mia, halitapungua chumvi. Hivyo ndivyo zilivyo naitreti na fosfeti, ambazo ni mbolea zitokazo katika mkojo, kinyesi na sabuni. Hizo hupita katika utando na kufika baharini kama kwamba hapana chujio. Kuziondoa ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1914, huko Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walionyesha kuwa maji machafu yakipigwa hewa pamoja na tope lenye bakteria, bakteria hao huula uchafu na kuutuliza. Tangu hapo miji mingi ya dunia husafisha maji yake kwa njia hiyo, na mafundi wakajifunza kuwapa bakteria hewa na kuwanyima kwa zamu ili waiondoe na naitreti. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto na wenzake wa Japani waliuzamisha utando ndani ya birika hilo hilo la bakteria, bakteria wakala uchafu na utando ukatoa maji safi. Kwa hiyo utando ni mwenzi wa birika, wala haukuja kulifukuza.

Hatimaye kuna kuziba. Utando wowote unaochuja maji machafu hujengewa juu yake ute wa vijidudu, mafuta na tope. Usipooshwa kwa ratiba, na kwa dawa inayofaa, hufa. Na nyuzi zilizo nyembamba kiasi hicho ni dhaifu. Zisipowekewa mgongo wa kitambaa kigumu huraruka, na vipande vyake huenda baharini vikawa uchafu mwingine.

MACHICHA

Sasa turejee kwenye kifumbu. Chujio haliumalizi uchafu, bali linautenga. Yakiingia mapipa kumi ya maji machafu, yatatoka mapipa tisa ya maji yanayong'ara na pipa moja ambalo ni zito, chafu na la hatari kuliko yote kumi yalivyokuwa mwanzo. Yale tisa ndiyo yatakayopigwa picha siku ya ufunguzi. Lile moja ndilo litakalobaki pale mgeni rasmi akishaondoka.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuonyeshwa, katika hoteli moja ya pwani isiyo na haja ya kutajwa, mtambo mdogo wa kuchuja kwa utando ulioagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi. Ulikuwa mtambo mzuri, umepakwa rangi ya buluu, na cheti chake kimetundikwa ukutani. Lakini ulikuwa umesimama. Fundi aliyefundishwa kuutumia alikuwa amehama. Dawa ya kuoshea utando ilikuwa imekwisha, na utando wenyewe ulikuwa umekauka ukawa kama ngozi ya ngoma kuukuu. Nyuma ya mtambo ulipita mpira mrefu uliokuwa ukiyapeleka maji machafu katika shimo la zamani lililochimbwa kwenye jiwe. Kijana aliyekuwa zamu alipoulizwa hali hiyo ilianza lini, alijibu kwa adabu, "Tangu masika ya mwaka juzi, mzee."

Hapakuwa na mwizi katika kisa hicho, wala hapakuwa na mhujumu. Palikuwa na watu walionunua tui bila ya kuuliza habari za machicha.

HALI YA VISIWA VYETU

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa wenzetu wa nchi kubwa? Sababu ya kwanza ni jiwe tunalolikalia. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye mianya na mapango. Maji yanayomwagwa juu yake hayachujwi na udongo mzito, bali hushuka kwa haraka. Shimo la choo lisilo na sakafu na kisima cha maji ya kunywa vinaweza kuwa majirani chini ya ardhi, hata kama juu ya ardhi vimetenganishwa na ukuta wa nyumba mbili.

Sababu ya pili ni wingi wetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa watu zaidi ya nusu milioni, na ardhi haikuongezeka hata pishi moja ya mchanga. Wakaazi wengi wa mjini hutegemea makaro na mashimo, na kwa miaka mingi mabomba ya Mji Mkongwe yalikuwa yakimwaga maji machafu baharini bila ya kusafishwa.

Sababu ya tatu ni maradhi. Kipindupindu kilibisha hodi Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara nyingi. Mwaka 2009 ilibidi kufanywe kampeni ya chanjo ya kunywa katika shehia zilizokuwa na hatari zaidi Unguja na Pemba. Hata hivyo, katika mripuko ulioanza mwaka 2015 na kuendelea mwaka 2016, zaidi ya watu 4,000 waliugua. Kila mripuko ulikuwa na njia moja: kinyesi cha mgonjwa kilifika katika maji au chakula cha mzima.

Sababu ya nne ni bahari, ambayo ndiyo shamba letu. Mwaka 1995 wanasayansi waliochunguza miamba iliyo karibu na mji wa Zanzibar walieleza kuwa ule mwani mgumu wenye chokaa, unaofanya kazi ya saruji katika kuyashikamanisha matumbawe, hupungua kadiri fosfeti inavyozidi karibu na mji. Msomaji na akumbuke tulivyosema juu ya fosfeti: haizuiliwi na tundu la chujio. Mvuvi anayetegemea samaki wa mwamba, na mwenye hoteli anayetegemea mgeni wa kuzamia, wote wawili hula kutokana na mwamba huo.

Sababu ya tano ni umeme, ambao huja Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 waya huo uliharibika na kisiwa kikakaa kizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Disemba 2009 ukaharibika tena, na umeme haukurejea mpaka Machi 2010. Waya mwingine mkubwa zaidi uliongezwa mwaka 2013, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtambo wa kusafisha maji machafu usioweza kustahimili hata siku tatu bila ya pampu si mtambo wa kisiwani.

SOMO LA KISIWA KINGINE

Wanaotupigia debe la utando hupenda kuitaja Singapore, nao wana haki ya kuitaja. Ni kisiwa kidogo kisicho na mito mikubwa, ambacho kwa mikataba ya mwaka 1961 na 1962 kilinunua maji kutoka Johor, upande wa pili wa mlango wa bahari. Mwaka 2003 kisiwa hicho kilifungua viwanda vya kuyasafisha tena maji yaliyokwisha kutumika, wakayaita NEWater. Maji hayo hupita katika utando wa kwanza, kisha katika utando wa pili ulio mzito zaidi, kisha chini ya taa za mionzi ya urujuanimno. Sehemu kubwa hutumiwa na viwanda, na wakati wa kiangazi kiasi fulani huongezwa katika mabwawa ya maji ya kunywa.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa ni yaliyotangulia. Singapore ilijaribu mtambo wa namna hiyo mwaka 1974 na kuufunga mwaka uliofuata, kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa na vifaa vyake havikuaminika. Hawakuona haya kuufunga. Wakarudi kwenye kazi isiyo na sifa: kulaza mabomba ya maji machafu mtaa kwa mtaa. Mwaka 1977 Waziri Mkuu wao, Lee Kuan Yew, alitaka mto wa Singapore usafishwe kwa muda wa miaka kumi, na ukasafishwa. Mwaka 1987 ndipo ndoo ya mwisho ya choo ilipoondolewa kisiwani humo. Miaka kumi na sita baada ya ndoo ya mwisho, ndipo ulipofunguliwa mtambo wa utando. Na yale machicha yao, yaani tope linalobaki, hukaushwa na kuchomwa katika vinu vilivyojengwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo anayetutaka tuige Singapore na atutake tuige mpango wake wote, toka mwanzo. Utando ulikuja mwisho, kama vile bati huja baada ya msingi na kuta.

TWAHARA NA SAYANSI

Lipo jambo moja ambalo wataalamu hulipita, lakini wananchi hulinong'ona: je, maji yaliyokwisha kuguswa na najisi yanaweza kurudi kuwa maji? Tuliosoma vyuoni tulifundishwa mapema, katika madhehebu ya Shafii, kwamba maji yasiyofika kula mbili, yaani kiasi cha lita 200 hivi, hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Na yaliyofika kiasi hicho hayanajisiki mpaka ibadilike rangi, au tamu, au harufu. Tulifundishwa pia kwamba mabadiliko hayo yakiondoka, hukumu nayo hubadilika. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililitazama suala hili na kutoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa na wataalamu hata yasibakie ndani yake athari ya najisi katika rangi, tamu na harufu, yanaweza kutumiwa hata kwa kujitwaharisha, ila tahadhari ya afya izingatiwe.

Tahadhari hiyo ya afya ndiyo mahali ambapo fiqhi na sayansi hushikana mikono. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, wala tamu, wala harufu. Maji yanaweza kumridhisha mwenye macho na pua na bado yakamuua mtoto. Kwa hiyo si haki kumwambia mwananchi, "Tazama, yanang'ara." Atazamishwe vipimo, tena mara kwa mara, na vibandikwe hadharani katika ofisi ya sheha kama yanavyobandikwa matangazo mengine. Na kwa kuanzia, maji yaliyosafishwa yaelekezwe kwenye bustani, ujenzi na kuoshea magari, ili maji ya chemchem na visima yabakie kwa kunywa.

WALIOANZIA NA NGUO KUUKUU

Isidhaniwe kwamba asiyeweza kununua uzi wa nano hana la kufanya. Mwaka 2003 Rita Colwell, Anwar Huq na wenzao walitangaza matokeo ya kazi yao katika vijiji vya Bangladesh. Kina mama wa huko walifundishwa kuyachuja maji ya kunywa kwa nguo ya sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Tundu za nguo hiyo ni kubwa mno kuzuia kijidudu cha kipindupindu kilicho peke yake; lakini vijidudu vingi hujishikiza kwa viumbe vidogo vinavyoelea majini, na hivyo hukamatwa. Kipindupindu kilipungua kwa kiasi cha sehemu 48 kwa mia. Tena nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zilikwisha kulegea na kutawanyika, zikaziba nafasi.

Hatuyasemi haya ili watu waache kuchemsha maji au kuyatia dawa, la hasha. Tunayasema ili ionekane kuwa kazi ya chujio haimo katika bei yake, bali katika mkono unaolitumia kila siku. Na mikono hiyo tunayo. Tanzania Bara mwaka 1973 ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Hawakungojea meli.

Wala tusidhani sayansi hii imetupita. Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alitengeneza chujio la maji ya kunywa linalounganisha mchanga na chembe za nano, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Si utando wa nyuzi, lakini ni ushahidi kwamba akili ya kulilinganisha chujio na maji ya mahali petu inaweza kutoka kwetu. Zipo pia nyuzi nano zinazotengenezwa kwa kitosani, kitu kinachopatikana katika maganda ya kamba na kaa, ambayo katika madiko yetu hutupwa. Vyuo vyetu vya hapa Visiwani vina vijana wa kemia na uhandisi. Wapewe kazi ya kuzijaribu nyuzi hizo kwa maji machafu ya Ng'ambo yenyewe, si kwa maji ya mfano yaliyotengenezwa maabara.

MASWALI KABLA YA SAINI

Kwa waheshimiwa watendaji wa Serikali, tunaomba kutoa ushauri. Atakapokuja mfanyabiashara na mkoba wake, aulizwe mambo haya, na majibu yake yaandikwe ndani ya mkataba.

Kwanza, utando huu umejaribiwa kwa maji gani, na kwa muda gani? Kiasi cha maji unachopitisha siku ya kwanza si jibu. Tunataka kiasi cha mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Pili, unaoshwa kwa dawa gani, dawa hiyo inapatikana wapi, na maji ya kuoshea yanamwagwa wapi? Tatu, naitreti na fosfeti zinaondolewa na chombo gani, maana utando hauziondoi? Nne, umeme ukikatika kwa wiki moja, nini kitatokea? Tano, ni vijana wangapi wa hapa watafundishwa, na mmoja akihama, nani atashika nafasi yake? Sita, utando ukifa, vipuri vinatoka wapi na kwa bei gani? Na saba, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: tope linalobaki litachukuliwa na nani, kwa gari lipi, litapelekwa wapi, na gharama zake zimo katika bajeti ya idara gani?

Mwenye kujibu yote saba na akaribishwe kwa mikono miwili. Mwenye kujibu matano ya kwanza akanyamaza kwa mawili ya mwisho, na apewe kahawa, kisha asindikizwe uwanja wa ndege.

Kwa masheha na wananchi, kazi haisubiri mkataba. Karo lijengwe kwa sakafu na kuta. Kisima kisichimbwe karibu na shimo la choo. Gari la kunyonya karo liitwe kabla halijafurika, si baada ya masika kulifungua lenyewe mitaani. Mwenye hoteli anayemwaga usiku kile asichothubutu kukimwaga mchana aripotiwe, hata kama ni ndugu, hata kama ni mchangiaji wa sherehe zetu.

Na sisi wa Chama, ambao kazi yetu ni kuisimamia ahadi mpaka itimie, tujitazame pia. Tumezoea kuhudhuria siku ya kuwekwa jiwe la msingi na siku ya kukatwa utepe. Tangu leo na tuizoee siku ya tatu, nayo ni ile ya mwaka mmoja baadaye, isiyo na ngoma wala hotuba, ya kwenda kimya kimya nyuma ya mtambo na kutazama kama kuna mpira umepitishwa huko. Tukiukuta, tuuandike katika taarifa zetu kwa jina la mahali na tarehe, na tusiondoke mpaka umetolewa.